Dansi ya kisasa: nitazame nini, na nimpeleke wapi mwenzangu mwisho wa wiki?

Mwanahawa wa Tabata aliuliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mwajiriwa wa ofisini, na kwa kipindi sasa burudani yangu kubwa ya mwisho wa wiki imekuwa maonyesho ya dansi ya kisasa. Sizungumzii ngoma za asili wala wanenguaji wa bendi, ambao nawaheshimu kwa nafasi yao. Nazungumzia zile kazi ambazo mtunzi na wachezaji wake wamekaa miezi wakitafuta mienendo yao wenyewe, kisha wakaileta jukwaani, pengine kwa muziki, pengine kwa ukimya mtupu.

Kilichoniteka ni mchezaji mmoja niliyemwona katika uwanja wa kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni. Kwa muda mrefu hakufanya lolote zaidi ya kusimama, kuunyanyua mkono wa kulia, kuuachia uanguke, kuunyanyua tena na kuuachia, huku mwili uliobaki umetulia tuli, mpaka mimi niliyeketi nikaanza kulisikia bega langu likichoka. Niliondoka pale nimeridhika kabisa. Lakini nilipofika nyumbani na kuulizwa na mume wangu onyesho lilihusu nini, sikuwa na la kumjibu. Na nilipokwenda naye safari nyingine, pamoja na wifi yangu, walikaa kwa adabu hadi mwisho, kisha wakaniambia kwa upole kwamba hawakuambulia kitu.

Naomba mnisaidie mambo mawili yanayoshikana. Mtu ambaye hakusomea sanaa aangalie nini hasa anapokuwa mbele ya kazi za namna hii, na je, kuna kisa ambacho sisi tunakikosa kila mara huku wenzetu wanakiona? Halafu, ningependa mapenzi haya yawe matembezi ya familia, ya Jumamosi nzima au Jumapili nzima, badala ya kuwa jambo ninalolifanya peke yangu na kurudi usiku bila mtu wa kuzungumza naye. Ninyi mlio na uzoefu mnaipangaje siku hiyo, na mnakwenda wapi?

Mzee wa Upanga alijibu:

Marahaba, binti yangu. Nianze na hilo la kisa, kwa sababu ndilo linalowafukuza watu wengi kabla hawajaonja. Maonyesho mengi ya dansi ya kisasa hayana kisa cha kufuatilia mwanzo hadi mwisho, na anayekitafuta hukaa saa nzima akiwa na wasiwasi wa mwanafunzi asiyejua swali la mtihani. Hata hivyo, sisi si wageni wa kutazama mambo ya aina hiyo. Mtu anayeitazama bugobogobo ya Wasukuma haulizi mhusika mkuu ni nani. Anaona majembe yanapanda na kushuka, anaona migongo inavyoinama kwa pamoja, na kazi, nguvu na fahari vinamwingia bila mtu kumweleza. Anayeitazama sindimba ya Wamakonde anafuata mazungumzo kati ya mpigaji na kiuno cha mchezaji, na anajua mara moja nani kamzidi mwenzake. Macho hayo hayo uliyolelewa nayo ndiyo ya kwenda nayo Mikocheni.

Ukishaketi, tazama uzito kabla ya kutazama uzuri. Mchezaji anaukabidhi wapi uzito wake: kisiginoni, kwenye ncha za vidole, begani kwa mwenzake, au sakafuni? Ballet, ile dansi ya kale ya kumbi za Ulaya, ilijijengea sifa kwa kuikwepa ardhi, na waanzilishi wa dansi ya kisasa, kama Martha Graham kule Marekani, ndio walioirudisha miili chini, wakamwacha mchezaji aanguke waziwazi mbele ya watu na ainuke tena kwa nguvu inayotoka tumboni. Ule mkono uliouona ukianguka ni wa ukoo huo. Bega lako lilipochoka ulikuwa umekwisha kuelewa, na jibu la kumpa mume wako lilikuwa hilo hilo: onyesho lilihusu mkono unaochoka na mtu asiyekubali kuuacha upumzike. Hilo ni jambo zito, wala halihitaji kufasiriwa kuwa ni umaskini, au ndoa, au serikali, ingawa kila mtazamaji ana ruhusa ya kulipeleka anakotaka.

Baada ya uzito, sikiliza. Muziki unapokatika ghafla watu hugeuka nyuma kumtafuta fundi mitambo wakidhani kuna hitilafu, wakati mara nyingi mtunzi amekusudia usikie pumzi za wachezaji na jinsi nyayo zinavyosugua saruji. Kisha angalia kinachorudiwa. Tendo likirudiwa kwa muda, kuna kitu kidogo kitabadilika, pengine kasi, pengine upande ambao uso umeelekea, pengine umbali kati ya mtu na mtu, na hapo ndipo kazi ilipofichwa. Mimi hupenda kukaa pembeni, si katikati, kwa kuwa pembeni namwona mchezaji anayesubiri zamu yake. Mwenye mafunzo mazuri anaendelea kuwa ndani ya onyesho hata akiwa amesimama gizani.

Kuhusu mahali, Nafasi unapajua tayari, lakini pengine unafika saa ya onyesho na kuondoka. Nenda mapema. Wasanii wa kuchora na kuchonga wana karakana zao pale pale kwenye makontena, kituo kiko wazi tangu 2008, na kwa mume asiye na hamu ya dansi saa moja ya kuzungumza na mchongaji inaweza kumlegeza kabla taa hazijawashwa. Fuatilia pia MuDa Africa, shule ya dansi ya kisasa iliyoanzishwa na Ian Mwaisunga. Maonyesho ya wanafunzi yana ujasiri ambao wakubwa wakati mwingine wameupoteza. Huku kwetu Upanga, Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, huweka maonyesho katika mwaka, na ukiwa umejiandikisha kupata taarifa zao hupitwi.

Safari ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni Bagamoyo. Ni kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, na magari ya huko yanapatikana kituo cha Makumbusho. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, iko karibu na bahari. Ukumbi wake wa awali uliungua mwaka 2002, na uliopo sasa ulijengwa baada ya hapo. Ukienda wakati wa tamasha lake la kila mwaka, asubuhi tembeleeni magofu ya Kaole, mchana kuleni samaki pale pwani wavuvi wanapoteremsha, alasiri kaeni mbele ya jukwaa. Nasisitiza tamasha kwa sababu moja. Pale utaona kikundi cha ngoma ya asili kikipiga mdundo kwa ukamilifu wake mchana, na jioni kijana aliyekulia katika mdundo huo akiupunguza kasi, akiuvunja vipande, akiuhamisha kutoka miguuni kwenda kwenye shingo. Mume wako akiyaona hayo mawili kwa siku moja, naamini hatasema tena kwamba hakuambulia kitu.

Mkereketwa wa Nairobi alijibu:

Asante Mzee kwa maelezo yaliyoshiba. Nakubaliana nawe kuhusu uzito na pumzi, ila nina tofauti nawe mahali pamoja. Tukimwambia mtazamaji mpya asitafute maana, tunaweza kumfanya aamini kwamba hakuna cha kujua, na hilo linawadhulumu watunzi wetu, ambao wengi wao wanajua vizuri sana wametoka wapi.

Chukueni mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1997 Opiyo Okach, ambaye alikuwa amesomea uigizaji wa kimya jijini London, aliungana na Afrah Tenambergen na Faustin Linyekula wa Kongo, wakaanzisha kampuni ya Gàara, ambayo ndiyo ya kwanza ya dansi ya kisasa nchini Kenya. Kabla ya hapo kijana wa Nairobi mwenye hamu hii hakuwa na pa kuipeleka. Ukijua kwamba Okach aliingia katika dansi kupitia uigizaji wa kimya, unaelewa kwa nini kazi iliyozaliwa katika mazingira yale inaweza kuvumilia utulivu kwa muda mrefu, na kwa nini tendo dogo la nyumbani linaweza kubeba onyesho zima. Vilevile mtazame Fernando Anuang'a, Mkenya ambaye amejulikana sana Ufaransa. Kazi zake zimejengwa juu ya uchezaji wa Wamaasai: mruko wa wima, mtikisiko wa kifua na shingo, na ule mvumo wa sauti unaotoka kooni. Asiyeujua uchezaji huo ataona mtu mwenye nguvu anaruka. Anayeujua ataona kwamba kundi zima la morani limewekwa ndani ya mwili wa mtu mmoja, na atausikia upweke wake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa dada Mwanahawa ni huu: onyesho likiwa la siku mbili, kwa mfano Ijumaa na Jumamosi, na mfuko ukiruhusu, liende mara zote mbili. Siku ya kwanza usisome kitu, tazama kama Mzee alivyoelekeza. Ukifika nyumbani soma ile karatasi ya maelezo, mtafute mtunzi, ujue alisomea wapi na amefanya kazi na nani, kisha rudi. Mwili ule ule utakuonyesha mambo mengine. Na mazungumzo ya baada ya onyesho msiyakimbie. Nawaona watu wengi hapa Nairobi wanawahi mlango mara tu makofi yanapokwisha, wakati pale ndipo mtu anapoweza kumuuliza mtunzi jambo lililomkera na akajibiwa kwa heshima.

Kwa wifi anayetaka kisa, yako maonyesho yenye kisa, na hakuna aibu yoyote kuanzia huko. Marehemu Dada Masilo wa Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 39, alizichukua ballet za Ulaya zinazojulikana na kuzitunga upya kwa wachezaji wasiovaa viatu. Katika Giselle ya zamani msichana aliyehadaiwa anamsamehe mwanamume hata baada ya kufa. Katika Giselle ya Masilo hasamehi, na malkia wa mizimu anayemwongoza katika kisasi ni sangoma, yaani mganga wa jadi wa kule. Mwambie wifi kisa hicho kwanza, halafu tazameni pamoja vipande vyake vilivyoko mtandaoni. Atajua anachokitazama, na macho yake yatapata nafasi ya kuangalia migongo na nyayo bila woga.

Kuhusu matembezi, mkija Nairobi pangeni siku kwa kuanzia Makumbusho ya Taifa, mle chakula cha mchana mjini, na jioni muingie Kenya National Theatre, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1952 jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi, au Alliance Française, ambako dansi imepata hifadhi kwa miaka mingi. Usafiri wa kurudi upangeni kabla ya kuingia ukumbini, kwa sababu maonyesho hayaanzi kila mara kwa saa iliyotangazwa, na hakuna kinachoharibu dansi kama kuitazama huku unahesabu dakika za matatu ya mwisho.

Mama Watatu wa Kigamboni alijibu:

Naongezea kidogo upande wa watoto, kwa kuwa dada ametaja familia. Mimi huenda na wanangu, na nimeona kwamba watoto hawapati shida hii ya kuelewa. Wa kwangu wa miaka sita hunong'ona maswali mazuri kuliko ya watu wazima: mbona yule ameanguka na hakuna aliyemsukuma, mbona wote wanamfuata yeye. Nikimwambia aendelee kutazama, mara nyingi jibu linafika lenyewe jukwaani. Lakini ni lazima wawe wameshiba kabla ya kuingia, tukae mwisho wa mstari karibu na njia, na nimuulize mwenye tiketi mapema kama onyesho lina giza kali, kelele za ghafla au mambo yasiyofaa umri wao. Waandaaji huwa wanajibu vizuri wakiulizwa kwa adabu. Maonyesho ya uwanjani ndiyo yanayofaa zaidi kwa kuanzia, kwani mtoto akichoka mnasogea nyuma bila kumkera mtu.

Jambo jingine ni simu, na hili naliomba kwa moyo wote. Mwanga wa kamera ukimpiga usoni mchezaji aliye hewani, hajui tena sakafu iko wapi. Tuziweke simu kwenye mikoba hadi wakati wa makofi.

Mtoto wa Boyoma alijibu:

Salamu kutoka Ubelgiji. Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, ninaishi Brussels, na nimefurahi sana kuona Faustin Linyekula ametajwa hapa. Baada ya Nairobi alirudi Kongo, akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa mwaka 2001, na tangu 2006 makao yake yako Kisangani, si mbali na Ubundu alikozaliwa. Hiyo si habari ndogo kwetu. Mtunzi ambaye kazi zake zinaalikwa katika kumbi kubwa za Ulaya aliamua kuweka studio katika mji ambao majeshi ya nchi mbili jirani yalipigana kwa siku sita mwezi Juni 2000 juu ya vichwa vya raia. Katika kazi zake kuna miili inayotetemeka, inayokatika katikati ya tendo, inayoanza hadithi na kushindwa kuimaliza. Hapa Brussels watazamaji huzisoma kurasa za maelezo ili waelewe. Mtu wa Boyoma, kama tunavyoiita Kisangani, aliyekuwa mjini Juni ile hahitaji ukurasa, na kwa hiyo mimi nasimama katikati ya Mzee na ndugu wa Nairobi: yapo mambo ambayo mtu anapaswa kuyasoma, na yapo ambayo mwili wake ulikwisha kuyasoma zamani.

Dada Mwanahawa, naomba pia usidhani kwamba kutoelewa ni ugonjwa wa Waafrika. Wakati mtunzi wa Ubelgiji Anne Teresa De Keersmaeker alipoonyesha kazi yake Rosas danst Rosas hapa Brussels mwaka 1983, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na kazi yenyewe inaanza na wanawake wanne wamelala sakafuni bila muziki wowote. Wanageuka upande mmoja, wanatulia, wanageuka upande wa pili, unasikia pumzi yao ikitoka kwa pamoja. Baadaye wanahamia kwenye viti, na hapo matendo ni ya kila siku kabisa: mmoja anapitisha mkono kwenye nywele, anavuta blauzi ikaacha bega wazi, anairudisha, anakunja miguu, anainama ghafla. Matendo hayo yanarudiwa kwa kasi na kwa mpangilio mkali, mpaka uchovu wa wachezaji wenyewe unakuwa sehemu ya utunzi, na unaanza kuwatofautisha: huyu anairudisha blauzi kwa hasira, yule kwa kuchoka, mwingine kwa kuringa. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza niliona wanawake wanne wa Kizungu kwenye viti. Kufikia katikati niliwaona dada zangu wakisubiri zamu ya maji, na sijawahi kumsikia mtu akiniambia kwamba hiyo si tafsiri halali.

Kuna onyesho jingine ambalo ningetamani kila msomaji wa hapa alione. Pina Bausch wa Ujerumani alitunga mwaka 1975 kazi yake juu ya muziki wa Stravinsky, The Rite of Spring, ambamo jukwaa zima hufunikwa udongo na msichana mmoja huteuliwa acheze hadi afe. Wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika walikusanywa École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw, Senegal, wakaifanyia mazoezi, na wakati wanakaribia kuifungua Dakar mwezi Machi 2020 ugonjwa wa korona ukafunga kila kitu. Wakaicheza mara moja ufukweni, kwenye mchanga, mbele ya kamera, kisha kuanzia 2021 wakaizungusha duniani. Nilipoiona nilikaa karibu kiasi cha kusikia harufu ya udongo uliolowa. Ilipofika katikati, nguo nyepesi za wasichana zilikuwa zimegandamana na tope na jasho, na kile kitambaa chekundu cha msichana atakayeteuliwa kilikuwa kikipitishwa kutoka mkono hadi mkono kwa woga ambao hauigizwi, kwa sababu kila mmoja wao kweli alikuwa hana pumzi. Katika safari ile ile Acogny mwenyewe alicheza pamoja na Malou Airaudo, wanawake wawili waliovuka miaka sabini, polepole, na ukumbi ukawasikiliza kwa utulivu uleule. Kwa wifi anayedhani dansi ni ya vijana wenye viungo laini, huo ni ushahidi wa kutosha.

Mwisho wa wiki yangu ni rahisi. Mwezi Mei kuna Kunstenfestivaldesarts, tamasha la sanaa la hapa Brussels, na kipindi hicho mimi na rafiki zangu wa Kongo na Burundi tunakula pamoja kwanza, tunaingia pamoja, kisha tunatembea kwa miguu kurudi Matonge, mtaa wa Waafrika wa hapa, tukibishana. Kubishana huko ndiko kulikonifanya niwe mpenzi wa kweli. Usiende peke yako, dada.

Nyayo Tupu alijibu:

Mimi ni mchezaji, nipo Dar, na nasoma mada hii kwa furaha kubwa. Niseme tu mambo yanayoonekana kutoka upande wa jukwaa. Tunawaona. Katika uwanja mdogo naona nani ameegemea mbele na nani ameangalia saa, na mtazamaji aliyeegemea mbele hunipa nguvu hata kama baadaye ataniambia kwamba hakuelewa. Hakuna mchezaji ninayemfahamu anayekasirika akiulizwa "ulikuwa unafikiri nini pale ulipolala chini?" Tunangoja swali hilo.

Naomba pia mlipe kiingilio kinapokuwepo, hata kama mnatujua. Kazi ya dakika 40 hufanyiwa mazoezi kwa miezi, mara nyingi kwenye sakafu ya saruji inayokula magoti, na huonyeshwa siku moja au mbili kisha ikaisha. Tiketi ndiyo nauli ya mazoezi ya kesho. Mkiwaleta waume zenu na wifi zenu, hata wakitoka wanakuna vichwa, mmetufanyia kazi kubwa.

Mwanahawa wa Tabata alijibu:

Nawashukuru wote kwa moyo wa dhati, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Nimemsomea mume wangu kwa sauti, na jibu la Mzee kuhusu mkono usioruhusiwa kupumzika lilimfanya akae kimya kidogo, kisha akasema hilo angalau analielewa, maana ndiyo maisha ya ghalani kwake. Bagamoyo tumekubaliana. Ila ameniachia swali ambalo naona ni la haki, na mimi mwenyewe sina jibu lake. Anasema: kama hakuna kisa, na kila mtu ana ruhusa ya kupeleka maana anakotaka, basi nitajuaje kwamba onyesho ni baya? Mpira akiutazama anajua nani amecheza vibaya. Muziki wa dansi anajua gitaa lililokosea. Huku je?

Mzee wa Upanga alijibu:

Mume wako ameuliza swali la mtazamaji halisi, mpe salamu zangu. Onyesho baya lipo, tena yapo mengi, na tusiwadanganye watu kwamba kila kilichotatanisha ni kizuri.

Mimi huanza na macho ya mchezaji. Akiwa anajitazama, yaani anafanya tendo huku akitaka nimsifu kwa kulifanya, onyesho linaanza kuvuja. Mchezaji mzuri ana kazi ya kufanya, na mimi namkuta akiifanya. Kisha huangalia kama tendo lina sababu ya kuwa mahali lilipo. Si sababu ya kueleza kwa maneno, bali ile ambayo ukiliondoa tendo, linalofuata linakosa pa kusimama. Katika kazi dhaifu unaweza kubadilisha robo ya kwanza na ya tatu na hakuna atakayejua. Nachunguza pia ni nani anayefanya kazi ya kunigusa. Kama ni wimbo wa huzuni unaojulikana na kila mtu, au moshi na taa za rangi, huku miili ikirukaruka tu mbele yake, basi nimeguswa na fundi mitambo. Na kuanguka: mchezaji akianguka mara ya kumi kwa namna ile ile, kwa kasi ile ile, bila uchovu kumbadilisha, ujue mtunzi alikosa la kusema akajaza muda.

Hayo yote mume wako anayaweza leo, bila somo lolote. Mtu anayejua kwenye mpira kwamba mshambuliaji amejiangusha makusudi anao uwezo wa kutambua mchezaji wa dansi aliyeanguka kwa uongo. Mwambie akiona uongo Bagamoyo aseme, kwa sauti ya chini, na awe tayari kunieleza aliuona wapi, kwenye goti au usoni. Tangulieni mapema ili mpate viti vya mbele upande wa kushoto, karibu na wapiga ngoma. Mimi huketi huko.